Vizimba vimeshaingia mjini: vitabu vya kusoma sasa kuhusu tunachokula

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, dada zangu, kaka zangu, na vijana mliobanana kule nyuma karibu na dirisha: Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe, na kwa wote habari za jioni.

Nimeombwa niwapendekezee vitabu vipya kuhusu watu wanaoishi kwa mimea peke yake, na kuhusu haki na dhuluma katika chakula. Niseme mapema nasimama wapi. Mimi sili nyama wala samaki, na mayai na maziwa nimeacha pia. Lakini sikuja hapa kumhesabia mtu dhambi zake za mezani. Vitabu nitakavyovitaja vimeandikwa na watu ambao nchi zao zimeshapita katika njia ambayo sisi ndiyo kwanza tunaiingia, na baadhi ya nchi hizo sasa zinahangaika kurudi nyuma kwa gharama kubwa. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Ndiyo maana nasema tuvisome sasa, tusisubiri miaka kumi ijayo.

Wengi wetu tumelelewa kwa maharage, kunde, choroko, mbaazi za nazi, makande, kisamvu kilichotwangwa kikapikwa kwa karanga. Nyama ilikuwa ya sikukuu, ya mgeni, au ya mwisho wa mwezi. Ng'ombe aliyeliwa tulimjua alikolishwa, na kuku tulimkimbiza wenyewe uani. Kilichobadilisha mambo mijini ni kuku wa kisasa. Chipsi kuku leo iko kila kona, na mimi sioni aibu kusema kwamba kwa watu wengi ilikuwa furaha ya kweli: nyama ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuinunua katikati ya wiki bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Sasa mtazameni huyo kuku. Anaingia bandani akiwa kifaranga wa siku moja, manyoya ya njano, anaenea kwenye kiganja. Baada ya wiki tano au sita anatoka akiwa na kilo mbili hivi. Kifaranga wa kienyeji katika muda huohuo bado anamfuata mama yake. Wapo wanaosema mitaani kwamba ni sindano, ni dawa. Siri kubwa iko kwenye mbegu. Amechaguliwa kizazi baada ya kizazi aote kidari upesi, na miguu na moyo wake vimeachwa nyuma. Nenda soko lolote la kuku alfajiri, matenga yanaposhushwa kutoka kwenye bodaboda. Mfanyakazi anamtoa kuku, anamweka sakafuni, na yule kuku badala ya kukimbia anakaa. Mgeuze uangalie kwenye viungo vya miguu na chini ya kidari: utakuta mara nyingi alama za kahawia, ngozi iliyoungua kwa sababu amelalia mavi yake mwenyewe siku zote za maisha yake, na mavi yale yana amonia. Mnunuzi anasema kuku huyu mpole. Miguu imemshinda.

Kitabu cha kwanza ninachowapa ni kile kinachoeleza jambo hili lilianzaje. Peter Singer ni mwanafalsafa wa Australia, alizaliwa 1946. Mwaka 1975 alitoa Animal Liberation, kitabu kilichowafanya watu wengi wa Ulaya na Marekani wajiulize kwa mara ya kwanza kwa nini maumivu ya mnyama yasihesabiwe. Mwaka 2023 akakiandika upya, akakiita Animal Liberation Now. Hoja yake kuu ni nyepesi kueleza na ngumu kuikwepa: kama kiumbe anaweza kuumia, maumivu yake yana uzito, na haitoshi kusema yeye si wa jamii yetu. Wengi wamejaribu kuibomoa hoja hiyo kwa karibu miaka hamsini. Mimi sijamsikia aliyefaulu. Toleo jipya limeongeza mambo ambayo mwaka 1975 hayakuwa mezani, yakiwemo mabadiliko ya tabianchi na ukubwa ambao ufugaji wa kiwanda umefikia nchini China.

Anayeona hicho kinamlemea aanze na kitabu kidogo cha Singer huyohuyo, Consider the Turkey, cha 2024. Unakimaliza jioni moja. Kinamzungumzia bata mzinga anayeliwa Marekani kwenye sikukuu yao ya Shukrani. Ndege yule amekuzwa kidari kiasi kwamba hawezi tena kumpanda jike. Bata mzinga wote wale wa kibiashara wanatokana na kazi ya binadamu: watu wanaajiriwa kuwakamua madume mbegu na kuwapandikiza majike, ndege mmoja baada ya mwingine, siku nzima. Na homa ya mafua ya ndege ikiingia bandani, njia mojawapo inayotumika kuwaua wote ni kuzima feni za kuingizia hewa na kuliacha banda lichemke mpaka wafe kwa joto. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilikirudia kesho yake, na nawasihi nanyi mkirudie mkifika pale, maana Singer hapigi kelele. Anaeleza tu jinsi kazi inavyofanyika.

Upande wa kuku wa mayai, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku vizimba vitupu vya waya kuanzia 1 Januari 2012. Katika vizimba vile sheria ilimtengea kila kuku sentimita za mraba 550, pungufu ya karatasi moja ya A4. Ujerumani nayo, kuanzia Januari 2022, imekataza kuua vifaranga dume wa kuku wa mayai, wale wanaotupwa siku ya kwanza kwa sababu hawatagi na hawana nyama ya biashara. Hatua hizo hazikushuka zenyewe. Zilidaiwa na watu waliosoma, wakaandika, wakaandamana kwa miongo. Na sasa vizimba vya aina ile iliyokataliwa na Ulaya vinatangazwa kwetu Afrika Mashariki kama maendeleo: vinaokoa nafasi, mayai hayapasuki, banda linakuwa safi. Mfugaji mdogo anashawishika, na simlaumu. Kina mama wengi katika mji huu wanalipa ada za watoto kwa trei za mayai. Lakini mkopo ukishachukuliwa na vyuma vikishafungwa, hakuna atakayevibomoa kwa kusoma kitabu. Tanzania tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008. Naomba wanasheria mlio humu ukumbini mtusomee siku moja inasema nini juu ya kiumbe asiyeweza kunyoosha mbawa.

Sasa nije kwenye kitabu ambacho moyo wangu uko kwacho zaidi, na ambacho naona kinatuhusu sisi wa pwani kuliko vingine vyote. Kinaitwa Animals in Islam. Mwandishi wake, Al-Hafiz Basheer Ahmad Masri, alizaliwa India mwaka 1914, na kati ya 1941 na 1961 aliishi hapa Afrika Mashariki akifanya kazi ya elimu. Baadaye alikwenda Uingereza, na mwaka 1964 akawa imamu wa msikiti wa Shah Jehan, Woking. Kitabu kilitoka 1989, na mwaka 2022 kimetolewa upya, ndiyo maana nakihesabu kuwa kipya. Mtu aliyekaa kwetu miaka ishirini ameandika moja ya vitabu muhimu vya dini ya Kiislamu kuhusu wanyama, na sisi hatumtaji. Hilo linaniuma.

Masri hasemi nyama ni haramu. Angesema hivyo ningekiweka pembeni, maana hakuna mwanachuoni angemsikiliza. Anachofanya ni kukusanya aya na hadithi, kisha anauliza: haya tunayowafanyia wanyama leo yanaingia wapi humu? Anatukumbusha aya ya 38 ya Surat Al-An'am, kwamba hakuna mnyama katika ardhi wala ndege arukaye kwa mbawa zake mbili ila ni umma kama nyinyi. Anatukumbusha hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula, na ya mtu aliyesamehewa kwa sababu alishuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu. Na ile hadithi tunayoisikia kila Idi, kwamba achinjaye akinoe kisu chake vizuri na ampe raha mnyama wake. Watoto wote wa madrasa wanazijua. Masri anazishika zote kwa pamoja na kusema kwamba kuchinja kwa bismillahi hakutoshi ikiwa maisha yote yaliyotangulia kisu yalikuwa mateso: kubanwa bandani, kusafirishwa bila maji, kuning'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa baiskeli. Tumezoea kuuliza swali moja tu mbele ya bucha: kachinjwa na nani? Masri anataka tuulize na la pili: kaishi vipi?

Ningependa kukiona kitabu hicho kikisomwa misikitini, Ramadhani, baada ya tarawehe. Na ningependa Wakristo nao wakisome, kwa sababu maswali yake hayana mpaka wa dini. Na msije mkadhani kuacha nyama ni jambo la Wazungu lililoletwa na ndege juzi. Ndugu zetu Wasabato wamekuwa wakihubiri chakula cha mimea miaka yote. Wajaini na Wahindu wengi wa Dar es Salaam na Mombasa hawajawahi kuionja nyama, na bhajia na kachori zao tunazila kila siku. Waorthodoksi wa Ethiopia wanafunga nyama, maziwa na mayai zaidi ya siku 180 kwa mwaka, na mlo wao wa mfungo ni miongoni mwa milo mitamu niliyopata kula.

Martha Nussbaum nitampitia haraka kidogo, si kwa udogo wa kitabu chake bali kwa ugumu wake. Ni mwanafalsafa wa Marekani, na kitabu ni Justice for Animals. Anapingana na Singer kwa heshima. Anasema maumivu si kipimo pekee. Kila mnyama ana maisha ya namna yake anayostahili kuyaishi, kuruka kama ni wa kuruka, kuchimba kama ni wa kuchimba, kukaa na wenzake kama ni wa kundi, na dhuluma ni kumzuia asiyaishi. Kati ya wanyama anaowatumia kujenga hoja yupo tembo jike wa Kenya anayeitwa Virginia, kwa hiyo msomaji wa hapa ana mahali pa kuingilia. Ameandika kwa kumkumbuka binti yake Rachel, mwanasheria aliyetetea wanyama, aliyefariki 2019. Na anakiri waziwazi kwamba yeye mwenyewe bado anakula samaki. Wapo waliomshambulia kwa hilo. Mimi nilimwamini zaidi, kwa sababu anatuonyesha palipomshinda bila kujificha.

Haya, ardhi. Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo ugomvi mkali ulipo, na ndipo sisi tuna la kusema.

Mwaka 2018 watafiti wawili, Joseph Poore na Thomas Nemecek, walichapisha katika jarida la Science hesabu iliyotokana na mashamba karibu 38,700 katika nchi 119. Waliona kwamba mifugo na samaki wa kufugwa, pamoja na malisho na chakula chao, wanachukua asilimia 83 ya ardhi ya kilimo duniani, na wanatupatia asilimia 18 tu ya kalori na asilimia 37 ya protini. Takwimu hizo zimo katika karibu kila kitabu cha karibuni kuhusu suala hili. Anayezieleza vizuri kuliko wote, kwa lugha ambayo mwanafunzi wa kidato cha nne ataielewa, ni Hannah Ritchie wa Scotland, katika Not the End of the World cha 2024. Sura yake ya chakula inaonyesha kwamba unachokula kina uzito kuliko umbali kilikosafirishwa. Nyama ya ng'ombe wa jirani inaweza kuichafua hewa kuliko maharage yaliyovuka bahari.

George Monbiot wa Uingereza anakwenda mbali zaidi. Kitabu chake Regenesis cha 2022 kinaanza kwenye udongo, na kurasa zake kuhusu viumbe wanaoishi ndani ya bonge moja la udongo ni nzuri mno. Kisha anaeleza mto Wye, mpakani mwa Wales na Uingereza, ambako bonde zima limejaa mabanda ya kuku takriban milioni 20 kwa wakati mmoja. Mbolea yao inamwagwa mashambani, mvua inaiteremsha mtoni, mwani unachanua, maji yanakuwa kama supu ya kijani, na majani yaliyokuwa yakilisha samaki yanakufa. Someni sehemu hiyo mkifikiria mito yetu. Nyumbani kwa Monbiot ni matajiri, wana wakaguzi na maabara, na bado mto umewashinda.

Dawa anayoiandika ndiyo inayonitatiza. Anataka protini itengenezwe na bakteria kwenye matangi, ili ardhi ya malisho irudi kuwa pori. Mwaka 2023 mkulima mmoja mdogo wa Somerset, Chris Smaje, alimjibu kwa kitabu kizima, Saying NO to a Farm-Free Future. Anauliza umeme wote huo utatoka wapi, na nani atamiliki hayo matangi. Chakula cha dunia kikitoka viwandani, mkulima mdogo anakwenda wapi? Vitabu hivi viwili visomwe pamoja, mkono huu na mkono huu. Mimi kwenye hoja ya mifugo ya kiwanda niko na Monbiot. Kwenye hoja ya nani ashike chakula niko na Smaje, kwa sababu sisi tunajua maana ya kuitegemea bei iliyopangwa na mtu wa mbali.

Na wote wawili wanaandika kwa ajili ya nchi za mvua na nyasi za kijani. Mfugaji wa Kimasai wa Longido au wa Kajiado, anayeishi mahali ambapo mahindi hukauka kabla ya kubeba, hayumo katika hesabu yao ipasavyo. Ng'ombe wake anageuza nyasi ambazo binadamu hawezi kuzila, anatembea, anajua jina lake. Sitasimama hapa nimwambie mfugaji huyo auze mifugo anunue dengu. Atakayeniletea kitabu kinachompima mfugaji wa kuhamahama kwa haki, bila kumpamba na bila kumhukumu, nitakinunua siku hiyohiyo.

Vilevile nitakuwa nadanganya nikiacha jambo la afya. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Mama mwenye mtoto wa namna hiyo na yai moja jikoni ampe mtoto yai. Na mtu mzima anayeamua kuishi kwa mimea tupu ajue kwamba vitamini B12 haipatikani humo kwa uhakika. Anunue vidonge au vyakula vilivyoongezewa vitamini hiyo, na asisikilize anayemwambia mchicha unatosha. Mimi natumia vidonge. Mwandishi yeyote wa ulaji huu anayelificha jambo hili msimnunue, hata kama jalada linapendeza.

Vitabu vya mapishi ni vingi kuliko vya hoja, na vingi vinachosha: maziwa ya lozi, jibini ya korosho, vitu ambavyo ukivikuta dukani kwetu bei yake ni ya kukimbia. Nimechagua kimoja. Bryant Terry ni mpishi Mmarekani mweusi wa California, na Vegetable Kingdom chake cha 2020 kimepangwa kwa sehemu za mmea: mbegu, vitunguu, mashina, maua, matunda, majani, uyoga, viazi na mizizi. Kila pishi amelipangia muziki wa kusikiliza ukiwa jikoni. Kabla ya hapo, mwaka 2014, alitoa Afro-Vegan, ambamo anayarudisha mapishi ya watu weusi wa Marekani na Karibi kwenye asili yake ya Afrika. Ukikisoma unakutana na bamia, kunde, karanga, viazi vitamu, na unajikuta unasema: huyu anapika kama bibi yangu.

Ndipo ninapowageukia waandishi mlio hapa. Kitabu cha Kiswahili cha namna hii, kilichoandikwa na mtu anayejua kwamba kisamvu kichanga kinatwangwa pamoja na kitunguu saumu na bilinganya, kwamba tui jepesi linatangulia na tui zito linamalizia, mimi sijakutana nacho. Maarifa yapo, yako kwa mama zetu na shangazi zetu, hayajaandikwa. Nchi zilizotutangulia zinalipia fedha nyingi kujifunza upya kupika dengu na maharage. Sisi tunajua, na watoto wetu wanaanza kuona haya kuyabeba shuleni kwa sababu ni chakula cha watu wasio na hela. Mwenye kalamu alianze hilo kabla ya Krismasi.

Kuhusu utaratibu wetu: napendekeza mwezi ujao tuanze na Consider the Turkey, kwa kuwa ni kifupi, na nitatayarisha muhtasari wa Kiswahili kwa wasiosoma Kiingereza kwa wepesi. Mwezi unaofuata tumsome Masri, na Sheikh ameshakubali kuja kutuongoza kwenye hadithi. Monbiot na Smaje wapewe miezi miwili, nusu ya kikundi kila upande. Na kama kuna yeyote humu anayefuga kuku wa kisasa, au ana dada au jirani anayefuga, namwomba sana aje naye kwenye kikao cha kwanza. Tumsikilize yeye kwanza, hesabu zake za chakula, dawa, vifo na bei ya sokoni, kabla yetu sisi wasomaji hatujafungua mdomo.

Asanteni sana. Nakaribisha maswali.